Punda Wote wa Kizwite Wamelala

Somo langu la kwanza kabisa niliwapandisha watoto kimea.

Kwa asiyejua, kimea ni ulezi uliolowekwa ukachipua, kisha ukaanikwa juani mpaka ukafa, ili usagwe na kupikiwa togwa au pombe. Mbegu ikishafika hapo imemaliza safari yake. Hata ukiimwagilia maji ya baraka haioti. Jambo hili kila mtoto wa Ufipa analijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Mimi nilikuwa kijana mzima, nimemaliza kidato cha nne, na baiolojia nimefaulu.

Nilitaka kufundisha mfano wa mpanzi, nikaona nisiwape maneno matupu. Nikatafuta makopo. La kwanza nikalishindilia udongo ukawa mgumu kama njia, la pili nikatia kokoto, la tatu miiba, la mwisho nikajaza udongo mweusi wa shimo la taka, udongo ambao hata kijiti cha kiberiti kingeota. Nikaingia ndani kwa mama, nikakuta ungo wa ulezi uliokwisha kupepetwa, nikachota. Watoto wakapanda. Tukasali. Tukamwagilia.

Jumamosi iliyofuata makopo yote yalikuwa sawasawa. Katoto kamoja ka kike kakainamia kopo la udongo mweusi, kakalitazama sana, kakaniambia, "Mwalimu, hata moyo mzuri umekataa."

Nikamwambia Mungu ana wakati wake. Jumamosi ya baada ya hapo nikawaambia tuongeze imani, na maji. Tungekuwa tunamwagilia mpaka leo kama mama asingekwenda kuchukua kimea chake akakuta kimepungua.

"Nani amechota humu?"

"Mimi, mama. Tumepanda."

Akanitazama. "Mmepanda nini?"

"Ulezi."

Mama alikaa chini kabisa. "Marehemu baba yako angekuwepo ningemwachia yeye acheke," akasema. "Mimi nina kazi nyingi."

Katekista mkuu wetu siku hizo alikuwa Mzee Kasiano, mtu mwembamba, mpole, mwenye koti moja la kijivu alilovaa kiangazi na masika. Ndiye aliyenipa watoto wale, na ndiye niliyemwendea nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakucheka. Alisema tu, "Waambie."

"Niwaambie nini, Mzee?"

"Kwamba umepanda kimea."

Nikawaambia. Walicheka mpaka wengine wakalala chini. Lakini Jumamosi iliyofuata kila mmoja alikuja na mbegu yake kutoka kwao: mwingine kwenye jani, mwingine mfukoni, na mmoja alikuwa nazo mdomoni kwa sababu mikono ilikuwa imembeba mdogo wake. Zikaota zote, hata za kwenye kokoto, jambo lililoharibu somo kwa namna nyingine. Tangu siku hiyo nikajiwekea sharti: kifaa cha somo kitoke nyumbani kwa mtoto, si kwa mwalimu. Ndilo la kwanza ninalowaachia ninyi walimu wapya.

Nasema ninawaachia kwa sababu nimestaafu, na kwa sababu Anjela ameniomba kitu. Wengi wenu mnamjua. Ndiye aliyechukua watoto baada yangu, binti mwenye umri kama wa mwanangu wa mwisho, mchangamfu, anayejua kutumia mashine ya kuonyesha picha ukutani. Alikuja kibarazani kwangu baada ya Misa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Sikai. Mwalimu, udongo umetushinda. Wachungaji wote wamekatika shingo, Yosefu amepasuka tumbo. Majilio ndiyo hayo yanaingia, na watoto wamekataa sanamu za dukani, wanataka pango la Noeli la kwao. Njoo Jumamosi utuonyeshe."

Nikamwambia kifua changu na upepo huu haviivi chungu kimoja.

"Basi Jumamosi nyingine, upepo ukitulia."

Eti upepo wa Sumbawanga utulie! Nikamwambia, "Nitakuandikia kila kitu, hatua kwa hatua."

"Utaandika udongo?"

"Kila kitu kinaandikika, Anjela."

Akanitazama kama mama alivyonitazama siku ya kimea. Lakini ana adabu, akasema asante, akaenda. Hivyo mnachosoma ni udongo ulioandikwa, pamoja na mengine yaliyojitokeza njiani.

Mjue kwanza kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine huzaliwa na miguu ya kwenda. Mimi nilizaliwa na makalio ya kukaa. Makatekista wenzangu walipewa baiskeli wakazunguka vigangoni, wakapigwa mvua, wakafukuzwa na mbwa, leo wana hadithi za kuwatosha wajukuu. Mimi Mzee Kasiano alinituma mbali mara moja tu, kwenye semina Wampembe, kule ziwani. Ukitoka huku juu barabara inashuka kama imekata tamaa. Nilishika mbao za lori nikisali rozari ambayo niliisahau nyumbani. Kufika, joto. Watu wema mno, wakatupa samaki wao wa migebuka wa kuchoma, wakatupisha penye upepo wa ziwa, na mimi muda wote naikumbuka baridi ya kwetu kama mtu anavyomkumbuka mchumba. Niliporudi nikamwendea Mzee Kasiano.

"Mzee, kama wokovu uko mbali hivyo, mimi niacheni."

Alivua kofia akajikuna. "Basi wewe kaa. Wenye miguu watakuja kwako."

Wenye miguu ni watoto. Kanisa la kigango Jumamosi lilikuwa la kwaya na vikao vya wazee, hapakuwa na nafasi ya kelele nyingine. Ua wangu hapa Kizwite ulikuwa mpana, umezungushiwa matete, na nyuma kuna mikaratusi inayokinga upepo kidogo. Nikapanga magogo ya kukalia. Wakaja. Wakaendelea kuja, wao, kisha wadogo zao, kisha watoto wao. Ndiyo kazi yangu nzima. Yaani nilikaa, wakaja.

Sasa vifaa.

Gundi. Msinunue. Chekecheni unga wa sembe uwe laini, ukorogeni kwanza kwa maji baridi, kisha ndipo mpeleke motoni, mkoroge bila kuacha mpaka uwe mzito wa kuvutika. Tieni chumvi kidogo isichache. Aliyewahi kutia sukari aliamka akakuta safina ya Nuhu imebebwa na sisimizi, na Nuhu yumo ndani. Mwezi wa sita na wa saba gundi haikauki kwa baridi. Wekeni karatasi karibu na jiko, lakini si karibu kama nilivyoweka mimi mwaka wa pili.

Mkasi. Mmoja unatosha. Nilikuwa na mmoja tu, wa kushonea wa mke wangu, na kwenye foleni ya mkasi ule watoto walijifunza uvumilivu kuliko kwenye somo langu lolote la uvumilivu.

Rangi. Mkaa, chokaa, udongo mwekundu, majani ya maharage yaliyotwangwa. Bluu hatukuwahi kuipata. Bikira Maria wetu miaka yote alivaa kijani, na sijawahi kusikia amelalamika.

Mamajusi ni magunzi ya mahindi yaliyovikwa vipande vya vitenge. Kondoo ni udongo uliopakwa gundi na kuviringishwa kwenye pumba. Hapo kuna hatari. Jirani yangu Mama Skola, anayekaanga maandazi pale njia panda na ambaye hajawahi kusema neno akalizungushia kitambaa, alikuwa anafuga kuku. Mwaka mmoja kuku hao waliingia wakala sufu ya kundi zima la Betlehemu. Nilipokwenda kulalamika alisema, "Kuku wangu hawaijui Betlehemu. Wanajua pumba." Nikarudi nyumbani.

Punda ndiye aliyetutoa jasho. Mguu wa punda wa udongo ni mwembamba, na mwili wake mzito. Kila Majilio punda walisimama mpaka Ijumaa, Jumamosi tunawakuta wamepiga magoti, Jumapili hawana magoti. Watoto walilia. Nilijaribu vijiti, nikajaribu waya, udongo ukapasuka kufuata waya. Mzee Kasiano alipita siku moja akatukuta na maiti za punda zimepangwa kwenye gunia.

"Huyu mnyama amembeba mama mjamzito kutoka Nazareti," akasema. "Na nyie mnamsimamisha? Mlazeni."

Tangu hapo punda wote wa Kizwite wamelala. Paroko mmoja mgeni alipokuja kubariki pango aliuliza mbona punda yuko chini, anaumwa? Watoto wakajibu kwa pamoja, kama wanajibu litania, "Amechoka, Padri."

Mzee Kasiano alifariki masika, matope yakiwa mengi, na tulimzika na koti lake. Sikuwa na mwingine wa kumwendea nimeinamisha kichwa. Kwa hiyo mjue kwamba baada ya hapo makosa yote ni yangu mwenyewe, hayajakaguliwa.

Haya, udongo wenyewe.

Uchukueni wa kichuguu, kile kilichohamwa na mchwa, si kile chenye wenyewe. Upondeni, mchekeche, mtoe mizizi. Ulowekeni, muuache ulale. Tafuteni chungu kilichovunjika, mtwange vigae vyake viwe kama chumvi ya mawe, mchanganye humo. Vigae ndivyo vinavyozuia kupasuka, wafinyanzi wetu wanajua. Kisha kandeni.

Hapo ndipo nilipokwama tangu juzi. Mnakanda mpaka lini? Niliandika, mpaka udongo uache kubishana. Nikafuta. Nikaandika, mpaka uwe kama sikio la mtoto. Nikafuta, ingawa ni kweli kabisa. Ukizidisha, unalegea na shingo zinainama. Ukipunguza, ndiyo hayo ya Yosefu kupasuka tumbo. Kuna wakati katikati ambapo kiganja chenyewe kinasema basi. Mimi nilikuwa nashika mkono wa mtoto, naubonyeza kwenye udongo wangu, halafu kwenye wa kwake, narudia, mpaka anasema "aa". Sasa hiyo "aa" naiandikaje? Basi mtaona wenyewe.

Mkishamaliza, anikeni kivulini, mfunike kwa gunia bichi, upepo usiwaone. Upepo wa huku ni mwizi wa maji.

Mtoto aliyejua kukanda kuliko wote, hata kunishinda mimi, aliitwa Kabula. Wazazi wake walikuja na ng'ombe wao kutoka Usukuma, wakaweka boma ng'ambo ya mashamba. Alikuja mafundisho peke yake, hakuletwa na mtu, akasimama kwenye mlango wa matete mpaka nikamwambia aketi. Mama yake alikuwa Mkristo, ndivyo alivyosema, na baba yake alikuwa na ng'ombe. Wenzake wakamuuliza ng'ombe wangapi.

"Ng'ombe hawahesabiwi mbele ya watu," akajibu.

Siku ya safina nilikuwa naeleza vizuri tu, wanyama wanaingia wawili wawili, akanyoosha mkono. "Mwalimu, ng'ombe wawili wa nini? Nuhu alikuwa maskini?"

Nikahamia kwa twiga.

Desemba hiyo alifinyanga ng'ombe wa pango. Niliomba mmoja. Alifinyanga nundu zao, pembe zao, ngozi ya shingo inayoning'inia, kila mmoja na jina lake, akajaza pango mpaka Mtakatifu Yosefu akawa anakaa nje. Kuzunguka pango tulikuwa tumeotesha ulezi kwenye vifuniko vya makopo, ulezi mzima safari hii, uwe kama mashamba ya Betlehemu. Ulikuwa umetoka kijani kizuri.

Wiki hiyohiyo ng'ombe wa baba yake Kabula waliingia kwenye mahindi machanga ya Mama Filbeti, mama wa mmoja wa wanafunzi wangu, mjane, mkulima hodari. Wakala karibu shamba zima. Jumamosi aliingia uani tukiwa kwenye somo. Hakupiga hodi.

"Mwalimu, tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu, Mama Filbeti."

"Sijaja kukaribia. Nimeambiwa mtoto wa wale watu yuko hapa." Akaona pango. Akawaona ng'ombe. "Na hawa ni wa kwake?"

Nikasema ndiyo.

"Yaani wamekula shamba langu, halafu wanalala na Bwana Yesu? Mwalimu, utoe hawa wanyama. Au mimi namtoa Filbeti."

Filbeti anatazama vidole vyake. Mimi nilikuwa nimeshika ule mkasi, nikaufungua nikaufunga, ndio mchango wangu wote. Kichwani nilikuwa natafuta andiko, na maandiko yote yalikuwa yametoka kwenda kulisha ng'ombe.

Kabula alichukua bonge la udongo, akaanza kufinyanga pale pale, Mama Filbeti amesimama juu yake. Akatoa mtu mrefu, mwembamba, akampa kijiti mkononi, kijiti kirefu kuliko mtu mwenyewe. Akamweka katikati, kati ya ng'ombe na ule ulezi wa kwenye vifuniko.

"Sasa wana mchungaji," akasema.

Mama Filbeti aliinama akamwangalia yule mtu. "Huyo ni wewe?"

"Ni baba."

"Mwambie baba yako asilale."

"Nitamwambia." Kisha, kama aliyekumbuka, "Shikamoo, mama."

Marahaba ile ilichukua muda kufika, lakini ilifika. Mama Filbeti akatoka. Filbeti alibaki, na ng'ombe walibaki. Sitawadanganya kwamba kesi iliishia pangoni. Iliishia ofisi ya kata, baada ya maneno mengi, na mama yule alivuna kidogo sana mwaka ule. Lakini Noeli alikuja kusali mbele ya pango, nikamwona anamsogeza yule mchungaji kidogo, awe karibu zaidi na mahindi. Yaani na ulezi.

Baada ya mavuno kina Kabula walihama, wakashuka bonde la Rukwa, wengine walisema wamekwenda Katavi. Hakuaga. Sidhani alijua kwamba wanahama mpaka siku yenyewe. Jumamosi ile nilichelewa kuanza somo, nikisema nasubiri watu watimie. Watu walikuwa wametimia.

Hili ni jambo ambalo semina haifundishi, hata ya Wampembe. Mtoto anakaa kwako miaka, unajua analia akiguswa wapi, unajua anakula kona ya karatasi akifikiri. Kisha anapokea komunyo ya kwanza. Jumapili hiyo amevaa nyeupe, anakuja mbio kukuonyesha. Jumamosi inayofuata haji. Na ndivyo inavyotakiwa. Umefundisha vizuri ndiyo maana haji. Siku moja nilijikokota mpaka mjini kutafuta betri za redio, kijana wa bodaboda akaniita, "Mambo, mzee, tunaelekea wapi?" Nilimjua kwa nyusi. Alikuwa Yosefu kwenye mchezo wetu wa Noeli, akasahau maneno yake, akamwambia mwenye nyumba ya wageni, "Basi tutalala nje, hamna shida." Nilipanda nyuma yake mpaka nyumbani, nikiangalia kisogo chake. Sikumwambia. Angesema nini? Angesema poa.

Mke wangu Eufrazia ndiye aliyekuwa anapika gundi. Sikulisema hilo pale juu kwenye maelezo ya gundi, nimejisifia kana kwamba ni yangu. Alikuwa anaipika Ijumaa jioni akiimba taratibu, na alijua kila mtoto anayelamba kidole. Alipofariki nilipika mwenyewe. Jumamosi ya kwanza mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, gundi ina mabonge." Mwenzake akampiga kiwiko. Wote wakainama wakabandika. Kazi za mwaka ule zina uvimbe mpaka leo. Ninazo, Mamajusi wanaonekana kama wana matumbwitumbwi.

Wanangu wako Mbeya na Dodoma. Wananipigia simu. Wananiuliza nimekula nini, nami nawadanganya.

Kisha parokia ikajenga ukumbi. Mzuri, una madirisha ya vioo, una umeme, mvua ikinyesha watoto hawahami kutoka gogo hadi gogo. Nilichangia matofali na nilishangilia kwa moyo, nataka mliamini hilo. Watoto wakahamia huko, na mimi nikastaafu siku hiyohiyo, ilionekana rahisi kufanya sherehe moja. Nilipewa blanketi. Ilisomwa risala. Paroko akasema nimestahili mapumziko.

Sikujua kwamba mapumziko yana kelele namna ile. Unasikia saa ya ukutani. Unasikia mikaratusi. Jumamosi ya kwanza nilifagia ua kama kawaida, nikapanga magogo, kisha nikaona aibu nikayatawanya kidogo, yasionekane yanamngoja mtu. Jumamosi nyingine mikono yangu ilipika gundi yenyewe, sufuria nzima, kabla akili haijaamka. Kuimwaga nikaona ni dhambi. Nilikaa kibarazani nikainywa kama uji. Ile chumvi kidogo ninayowashauri, kwenye uji si kidogo.

Paa la ukumbi naliona nikisimama hapa mlangoni. Wakiimba nasikia. Kuna mmoja anaimba juu kuliko wimbo, sijui ni wa nani, ningependa kumwona.

Nitasema jambo moja, kisha nimalizie vifaa. Si kifua kinachonizuia kwenda. Miaka yote wao ndio walioingia kwangu na mimi ndiye niliyegeuka kuwatazama. Kule itabidi niingie mimi. Na ukumbi ule una watoto wengi wasionijua, wa mwaka huu, wamezoea picha ukutani. Najiona nimefika mlangoni na bonge langu la udongo, wamenipa visogo, na hakuna hata mmoja anayegeuka. Mtu aweza kuishi na saa ya ukutani. Kwa hilo la visogo sina hakika.

Kwa hiyo rangi ya kijani, kama nilivyosema, majani ya maharage, lakini yawe machanga.

Leo ni Jumamosi, na nilidhani nitamaliza asubuhi. Watoto wamepita nje ya matete wakienda ukumbini, kila mmoja na udongo wake kwenye mfuko wa plastiki. Wanaupeleka vile vile mbichi, haukulowekwa, nimeuona kwa macho kutoka hapa. Shingo zitakatika tena. Mmoja alinisalimia bila kusimama, "Shikamoo, babu." Babu, si Mwalimu. Nikaitikia.

Nikiwa bado naangalia njia, Mama Skola ameingia kurudisha chekecheke langu. Amezeeka naye, kuku hana tena, ulimi bado anao. Akauliza naandika nini tangu juzi, taa yangu inawaka mpaka anakosa raha. Nikamwambia naandika maelezo kwa walimu wapya, ya udongo na mengineyo, maana wameniomba niende na mimi kifua kinanisumbua. Akasema soma. Nikamsomea, sehemu kubwa, yeye amesimama na chekecheke mkononi. Kwa kimea alicheka. Kwa Eufrazia alitazama pembeni. Pale kwenye kuku wake akasema hayo ni kweli.

"Na pale kwenye kukanda umemaliziaje?" akauliza.

"Nimeandika, basi mtaona wenyewe."

Kule ukumbini walikuwa wameanza wimbo, na yule wa sauti ya juu alikuwa tayari amewaacha wenzake. Mama Skola akaweka chekecheke mezani, juu ya karatasi zangu, akasema:

"Mwalimu, mimi sijasoma kama wewe, lakini ukumbi ni pale, na watoto ni wale. Umeandika makaratasi yote haya ili usivae viatu."